Bibi Aliyeacha Kuniomba

Kakuma, Ijumaa jioni, Agosti 2013

Upepo wa leo haukuwa na adabu hata kidogo. Ulianza asubuhi, ukabeba mchanga wote wa laga, ule mto mkavu, ukauleta chumbani kwangu, na mpaka sasa nikikutanisha meno nasikia kokoto. Shuka nimezikung'uta, nikazitandika, nikazikung'uta tena. Lakini niulize kama najali. Sijali! Nina furaha ya kijinga, ile ya kumfanya mtu acheke peke yake akiosha vyombo. Jirani yangu Mama Achol, yule wa Sudan Kusini anayeuza vitambaa kwenye kambi ya wakimbizi, amechungulia dirishani akataka kujua kama nimepata bwana.

Sijapata bwana. Nimepata alama zangu za mafunzo ya nyanjani, na Akiru haendi popote.

Sijaandika hapa kwa wiki kadhaa na sababu ni aibu. Leo nataka kuitoa yote, kwa hiyo nivumilie, shajara yangu.

Kwa atakayeifungua shajara hii siku moja, mimi naitwa Akai, mzaliwa wa Lodwar, niko mwaka wa tatu wa digrii ya ustawi wa jamii. Kabla ya chuo nilikuwa mkalimani. Shirika likija na gari lake napanda nyuma, tunafika kwenye boma, mgeni anauliza, mama wa boma anajibu, na mimi katikati nabeba maneno kuyapeleka na kuyarudisha kama punda wa maji. Mama anasema jambo la kukupasua moyo, natafsiri, gari linageuka, tumeondoka. Hakuna aliyewahi kunigeukia akaniuliza, Akai, wewe unaonaje? Hicho ndicho kilichonipeleka chuoni. Mama yangu akasuka vikapu vya mkoma mpaka vidole vikafanya sugu, nami nikaingia darasani na watoto niliowazidi umri, wakawa wananiita Shosh, yaani bibi. Niliwasamehe.

Muhula huu tumetumwa nyanjani. Mimi nikapangiwa Kakuma, ofisi ya watoto, chini ya Madam Rose. Madam Rose ni mwanamke wa maneno machache. Akikuambia "sawa" unaenda kulala ukiwa na amani. Alinipa kesi moja niibebe mwenyewe mwanzo hadi mwisho, kesi ya Akiru.

Akiru ana miaka mitatu hivi. Mama yake alifariki mtoto angali ananyonya, baba alifuata mifugo upande wa mpakani na hajaonekana tangu hapo. Anaishi kijijini Lopur na bibi yake mzaa mama, Ata Nakwee. Ata maana yake ni bibi kwa Kiturkana, na mimi pia namwita hivyo. Akiru aliungua mguu kwenye moto wa kupikia. Akapona. Akaungua tena, mguu uleule. Muuguzi wa zahanati akaona hii si bahati mbaya tu, akaripoti ofisini. Sasa kuna nyumba ya watoto kule Lodwar iliyo na nafasi. Kazi yangu ilikuwa niitembelee ile familia, niongee nao, kisha niseme ninavyoona: mtoto abaki na bibi yake au apelekwe. Na katika ziara moja mhadhiri wangu angekuja kutoka kampasi ya Lodwar, akae pembeni anitazame, atoe alama.

Nikajiambia, haya Akai, si ulitaka kuulizwa? Umeulizwa.

Ziara ya kwanza nilimpenda Ata Nakwee papo hapo. Hajanijua jina, ameshaniomba tumbaku. Nikasema sina. Akaomba leso yangu. Nikasema nitafunika nini kichwa? Akaomba viatu, akaomba chupa ya maji, akamgeukia mwenye boda boda aliyenileta akamwomba pikipiki. Yule kijana alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. Na katikati ya kuomba, Ata akawa anasimulia: habari za binti yake marehemu, jinsi Akiru alivyozaliwa siku ya mvua, mbuzi gani ni mwizi, jirani gani ana mdomo. Akiru mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mapaja ya bibi anatafuna ushanga wake. Niliporudi mjini sauti ya yule bibi ilikuwa bado imo masikioni.

Halafu nikaharibu.

Tulikuwa tumefundishwa mipaka ya kikazi. Usipokee kitu kwa mteja, usimpe mteja kitu, usimfanye akutegemee. Nilikuwa nimeipata vizuri sana kwenye mtihani, hata mhadhiri alisoma jibu langu mbele ya darasa. Basi ziara ya pili, Ata alipofungua mdomo tu kuomba tumbaku, nikakaa wima nikamtolea hotuba. Ata, kuanzia leo naomba usiniombe chochote. Mimi nimekuja kikazi. Nikikupa wewe, wengine nao watasema nini? Haipendezi. Nilisema kwa upole, Mungu anajua, na niliona kazi imefanyika.

Ata aligeuza uso upande wangu, akawa kama anatazama kitu nyuma ya sikio langu. Akasema tu, "Ejok." Sawa.

Tangu siku hiyo hakuniomba tena. Nilifika, nikapewa kigoda, nikauliza, nikajibiwa. Mnaendeleaje? Wazima. Mtoto anakula? Anakula. Aliunguaje? Watoto huungua. Kuna shida yoyote? Hatuna shida. Hakuna mbuzi mwizi wala jirani mwenye mdomo. Na mimi, mjinga mimi, nikarudi ofisini nikaandika kwamba uhusiano wa kikazi na familia ni mzuri na wenye heshima!

Ni mama yangu aliyenishtua. Nilimpigia simu Lodwar kumsalimia, nikawa namsimulia kwa majivuno jinsi nilivyomtuliza yule bibi mwombaji. Mama akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Ameacha kukuomba?" akasema. "Akai, umefukuzwa pale, na hujui kama umefukuzwa."

Nilihisi masikio yakipata moto. Kwani sijui? Mimi si mgeni wa kufika na ndege ya asubuhi. Nimekulia katika kuombwa. Shangazi zangu hawajawahi kunisalimia bila kuniomba kitu, na nikiwanyima wananitukana vizuri tu, tunacheka, kesho wananiomba tena. Kwetu kuomba ndiko kumwambia mtu kwamba yeye ni wa hapa. Asiyeombwa ni adui, au ni serikali. Mama Achol hapa jirani, Mdinka mtu wa watu, hunigongea kuomba chumvi na ana pakiti nzima kwake, nimeiona kwa macho yangu. Anataka tu kuingia akae. Sasa nimemwambia bibi wa watu asiniombe, maana yake nimemwambia mimi si mtu wake. Atanielezaje mambo ya nyumba yake?

Kitabu hakikukosea, nisikisingizie. Hakuna mahali palipoandikwa nimkataze. Kumnyima tumbaku hakukuwa na neno, angenicheka na maisha yangeendelea. Ila nilimfunga mdomo.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa ajili ya alama. Nilijiuliza, kama ningetakiwa kuandika maoni siku ile, ningeandika nini? Mtoto ameungua mara mbili na bibi hasemi kwa nini. Ofisi yoyote yenye akili ingemchukua mtoto. Akiru angepakiwa kwenye gari kwa sababu ya hotuba yangu.

Mwalimu Wafula, yule mhadhiri wangu, alifika Jumatano. Ni mtu wa Bungoma, mnene kiasi, mpole, ana kipara kinachong'aa na kofia ya kukilinda, na viatu vya ngozi vilivyokuwa vyeusi alipotoka Lodwar. Madam Rose alitupa gari la ofisi. Njiani hakuniuliza kitu cha maana, alitazama tu jangwa akisema, "Hapa kweli watu wanaishi?" Nikamjibu wanaishi na wanazaa, Mwalimu. Akacheka.

Ata alitupa vigoda chini ya kivuli cha kibanda chake. Mwalimu akakaa kando kama alivyoahidi, kalamu mkononi. Nikaanza. Mnaendeleaje, Ata? Wazima. Akiru anakula? Anakula. Nikawa natafsiri kwa Mwalimu maneno yale makavu, na mwenyewe nikijisikia ninavyoboa. Mguu umepona? Umepona. Kuna shida? Hatuna shida.

Nikamwangalia Akiru, kovu lake linang'aa kwenye ule mguu mdogo, anamsukuma mbuzi aliyemzidi urefu. Nikasema moyoni, liwalo na liwe.

"Ata," nikasema, "nipe maziwa. Nina njaa."

Kalamu ya Mwalimu ilisimama hata kabla sijamtafsiria. Nadhani aliona uso wangu. Agosti maziwa ni haba, kila mtu anajua, na hiyo ndiyo maana niliomba maziwa. Usiombe kitu rahisi ukitaka kupokelewa tena kama mtu wa nyumbani.

Midomo ikaanza kumcheza Ata.

"Na hiyo njaa yako," akasema, "siku zote hizi ulikuwa umeiacha wapi?"

"Niliiacha Lodwar, Ata. Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa mjinga sana."

"Sana, Ata."

Akainuka huku akiguna, akaingia kibandani. Mlango ni mfupi na wazi, na tulimwona vizuri kutoka tulipokaa. Kibuyu cha maziwa kilikuwa kimening'inia kwenye kijiti. Ata akanyoosha mkono kukichukua, mkono ukashika hewa. Akausogeza kulia, ukashika hewa tena. Hapo ndipo Akiru alipomwacha mbuzi wake. Aliingia ndani bila kuitwa, akashika kidole cha bibi yake, akakivuta mpaka kwenye kibuyu, halafu akatoka kuendelea na mbuzi. Hakuna aliyesema kitu. Kwao lilikuwa jambo la kila siku.

Kila kitu nilichokuwa nimekiona na sikukiona kilinirudia: anavyotazama nyuma ya sikio langu, anavyotia kidole kikombeni akimimina chai, anavyonijua kwa mlio wa pikipiki.

Aliponipa kibuyu nilikunywa kwanza. Ukipewa unakunywa. Kisha nikamshika mkono nikamuuliza polepole, Ata, macho yako?

Akanieleza yote, kwa sauti ya chini, kama anayetua mzigo wa kuni. Ukungu ulianza jicho moja, ukahamia la pili. Nje kwenye jua anaona vivuli. Ndani kwenye moshi haoni kitu, anasikia tu moto ulipo. Akiru anapokaribia moto kimyakimya, yeye hajui. Hakumwambia muuguzi, hakumwambia mtu, kwa sababu alijua wakisikia bibi ni kipofu watamchukua mtoto siku hiyohiyo. Binti yake alimwachia mtu mmoja tu duniani.

Kisha akanibana mkono. "Umeniomba nikakupa. Sasa wewe ni mtu wangu. Huyu usimwambie." Akamwelekezea Mwalimu kidevu.

Na Mwalimu Wafula, maskini, akaegemea mbele. "Anasema nini?"

Mungu wangu. Miaka yote ya ukalimani sijawahi kuulizwa swali zito kama hilo. Ningeweza kusema anasema maziwa yamepungua. Mwalimu hajui Kiturkana hata neno la pili baada ya ejok. Ningetoka pale na alama zangu, Ata na siri yake, na Akiru angebaki. Angebaki na ule moto pia.

Nilimwambia Mwalimu anipe dakika. Nikamgeukia bibi yangu nikamwambia ukweli, kwa lugha yetu, bila maneno ya kitabu. Ata, nitamwambia. Nakuambia wewe kwanza ili usije ukasikia kwa mwingine. Nikificha, Akiru ataanguka motoni siku ambayo hakuna wa kumwokoa, na hapo hata mimi sitakuwa na mdomo wa kukutetea. Nikisema, nitasema na neno langu juu yake: kwamba mtoto anakaa hapa, na macho yako yanatafutiwa dawa, na moto unahamishwa. Sikuahidi kwamba watakubali. Nilisema nitapigana.

Akiru akaja akajilaza mapajani mwake, na Ata akawa anampapasa kichwa, anatafuta masikio yake.

"Sema," akasema hatimaye. "Lakini sema vizuri."

Nikasema. Nilijitahidi kusema vizuri. Machozi yalinitoka nikiwa katikati na sikuyafuta, na Mwalimu alijifanya hayaoni, Mungu ambariki. Nilipomaliza akaniangalia akauliza, "Wewe unaonaje?"

Hivyohivyo, kwa maneno hayo.

Nikamwambia ninavyoona. Mke mwenza wa Ata ana boma hatua chache kutoka pale, wanawake wawili wanaotukanana kila siku lakini hakuna aliyewahi kuhamia mbali na mwenzake. Chakula kipikwe kule, Akiru ale kule, huku kusiwe na moto kabisa. Ata akaonwe na daktari wa macho Lodwar, maana hiyo ikiwa ni mtoto wa jicho inatibika. Na nyumba ya watoto haina mtu atakayemtafuta Akiru masikio kwa vidole. Hilo la mwisho halikuwa la kitaalamu, lilinitoka tu.

Tulipokuwa tunaaga, Ata akamwomba Mwalimu kofia. Nikatafsiri, naona aibu na raha kwa pamoja. Mwalimu akaishika kwa mikono miwili. "Mwambie siwezi, kipara changu kitaiva!" Ata alicheka mpaka akakohoa, akasema basi akija tena aje na mbili. Na Mwalimu wa watu alifurahi njia nzima, hakujua hata kwa nini.

Karibu na mjini ndipo aliponibana. Akasema kwa kufuata kitabu angenikata alama kwa yale maziwa. Nikasema najua. Akaniuliza ile kanuni iliwekwa kwa ajili gani. Nikasema ili mwenye nguvu asimnunue mnyonge. Akauliza, na leo ulipoomba, nani alikuwa na nguvu pale? Nikafikiri. Nikasema, yeye. Mwalimu akaandika kitu, sijui nini, akafunga kalamu. Baadaye akaongeza kwamba akinisikia nawaomba wateja maziwa kila wiki atanifukuza mwenyewe. Nikasema sawa, Mwalimu.

Leo asubuhi Madam Rose alitukutanisha ofisini na muuguzi na mzee wa kijiji. Nilisimama nikatetea kila neno. Muuguzi aliuliza maswali magumu na alikuwa na haki. Mzee alithibitisha habari za mke mwenza, akasema mwanamke huyo tayari ameshampokonya Ata mafiga yake na kumtukana pia. Madam Rose akasoma maoni yangu mpaka mwisho, akaondoa miwani. Akiru anabaki na bibi yake. Tutakuwa tunawatembelea, na baada ya matibabu ya macho tutaangalia tena.

"Sawa," akasema Madam Rose, akanisogezea karatasi ya alama alizoacha Mwalimu: nimepita.

Sikungoja hata chai. Nilichukua boda boda mpaka Lopur katika ule upepo wa laana, nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Ata alinisikia nikiwa mbali, akawa amesimama mlangoni. Nikamwambia Akiru haendi popote. Hakulia, hakucheka. Alikaa chini palepale mchangani, akamkumbatia yule mtoto mpaka mtoto akalalamika. Nikakaa chini nami.

Baada ya kitambo nikamweleza habari za hospitali: wiki ijayo gari la ofisi litampeleka Lodwar, daktari atamtazama, huenda wakampasua jicho moja kwanza. Hajawahi kufika Lodwar. Akauliza kama kuna ngazi, kama kuna watu wengi, kama huko watu wanamsikia mtu akiongea Kiturkana. Niliona mikono yake inasuguana. Mwanamke asiyeogopa fisi anaogopa korido.

Kisha akanyoosha shingo, akainua kidevu, na akaniomba. Kwa sauti ileile ya siku ya kwanza, ya mtu anayedai chake.

"Akai, nipe macho yako siku hiyo. Niazime tu. Nikipata yangu nitakurudishia."

Nikamwambia chukua, Ata. Chukua yote mawili.